Mtoto anachechemea: cha leo usiku, cha wiki hii, na cha kuachia muda

Watu wakishajua wewe ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji wa kujitolea, hawangoji mchana. Hapa kwetu Busia, Uganda, mlango unagongwa saa nne usiku, unafungua unakuta mama amebeba mtoto wa miaka sita mgongoni, mtoto mkubwa hivo miguu inaning'inia, na swali ni lile lile, "mama, huu mguu tuukande na nini?" Mimi si daktari, niseme mapema. Ni mama wa watoto wanne, mmoja alizaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zimegeukia ndani, na wa majirani nimeshasindikiza hospitali mpaka hesabu imenipotea. Nilichojifunza ni kwamba kwa mifupa ya watoto swali la kwanza sio dawa gani, swali ni saa ngapi, yaani hii shida inaweza kungoja muda gani. Kuna mguu haungoji asubuhi ifike. Kuna mguu unangoja miaka miwili na huna kazi yoyote ya kufanya hapo. Sasa sisi wengi tunageuza, matege tunayakimbiza kwa mganga, alafu mguu wenye joto tunaupaka samli tunalala.

Hatua ya 1: vua nguo, angalia kwanza, mikono baadaye

Mtoe suruali, mtoe soksi, mweke penye mwanga hata kama ni tochi ya simu. Linganisha mguu unaouma na mwenzake, umevimba wapi, ngozi inang'aa, kuna kidonda au jipu mahali popote mwilini hata kama limekauka. Mwambie atembee kutoka mlangoni mpaka kitandani uone anakanyaga vipi au amekataa kabisa kukanyaga. Mtoto mchanga hatembei, yeye utamjua kwa sababu mkono au mguu mmoja umetulia tu wakati mingine inarusha, na ukibadilisha nepi analia kilio ambacho sio cha njaa. Kama huna kipimo cha joto weka mgongo wa kiganja chako kwenye goti moja, alafu lingine. Tofauti utaisikia.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni nyonga. Mtoto anashika goti anasema hapa ndio panauma, unaangalia goti halina kitu, kumbe shida iko nyonga, manake maumivu ya nyonga yana tabia ya kujitokeza gotini. Mlaze chali, shika paja taratibu uviringishe mguu ndani nje, ndani nje, kama kifimbo cha kusukumia chapati. Akikaza mwili au akipiga kelele, mwambie daktari aangalie nyonga, usikubali goti peke yake.

Mtego wa pili ni ile habari ya kuanguka. Mtoto wa kiume wa miaka saba anaanguka kila siku ya Mungu, kwa hivo ukiuliza "alianguka?" jibu ni ndio, na hapo kila mtu anaridhika, lawama inaenda kwa mpira na homa inasahaulika. Mimi siku hizi nauliza homa kwanza.

Hatua ya 2: joto, maumivu na homa, hii ni ya leo usiku

Mpwa wangu alikuwa na miaka saba. Alicheza mpira Jumamosi, Jumatatu goti likaanza kuuma upande wa chini yake kidogo, Jumatano homa. Wakampeleka klinik moja ya mtaani, wakamtoboa kidole, malaria ikaonekana, akapewa dawa ya malaria. Picha ya eksirei ikapigwa ikatoka safi, wakaambiwa hakuna kilichovunjika. Jajja, yaani bibi yake, akawa anamkanda kila jioni kwa maji moto na samli, kwa upendo kabisa bambi, na mtoto analia mpaka majirani wanasikia. Baada ya wiki mbili mguu ukapasuka wenyewe usaha ukatoka. Leo ana miaka kumi na tatu, amefanyiwa upasuaji mara mbili kutoa vipande vya mfupa uliokufa, na bado kuna katundu chini ya goti kanatoa maji maji, shuleni anakaa peke yake kwa sababu ya harufu.

Kilichotokea ni hivi. Wadudu wanaingia kwenye damu kupitia kidonda kidogo, jipu, hata upele aliojikuna, wanasafiri mpaka wanatulia kwenye ncha ya mfupa pale unaporefukia, hasa karibu na goti, kwa sababu pale damu inapita polepole. Wanatengeneza usaha. Sasa nyama ikijaa usaha inavimba unaona, lakini mfupa ni kama jerikeni iliyozibwa, hauna pa kupanukia, usaha unabana mishipa ya damu na kipande cha mfupa kinakufa hapo ndani. Kikishakufa dawa haikifikii tena kwa sababu damu haifiki, ndio maana usaha unatoka miaka na miaka. Na kama wadudu wameingia ndani ya kiungo chenyewe ni mbaya zaidi, gegedu inayofunika ncha za mifupa inaliwa ndani ya siku chache, na kwenye nyonga lile tufe la mfupa linaweza kufa kabisa mtoto akabaki na mguu mfupi maisha yake yote.

Kwa hivo mtoto mwenye homa ambaye amekataa kukanyaga, au kiungo kimoja kina joto na hataki kiguswe, unatoka usiku huo huo. Nenda moja kwa moja penye wodi ya watoto na chumba cha upasuaji, sisi huku tunaenda Masafu au Tororo na kesi ngumu zinapelekwa Mbale. Kituo kidogo kikiwa ndio karibu pita uchukue karatasi ya rufaa na dawa ya kwanza, ila usilale hapo. Panadol mpe, maji kidogo mpe, chakula kizito subiri kwanza daktari aseme kwa sababu anaweza kuingia kwenye chumba cha upasuaji. Usimkande. Usichanje na wembe. Usimpe vile vidonge vilivyobaki vya dada yake, vinafunika homa siku mbili alafu ugonjwa unaendelea chini chini.

Na ukifika, sema haya mawili hata kama utaonekana unajua sana. Moja, malaria kuonekana haimaanishi mguu umepata jibu, huku kwetu mtoto anaweza kuwa na malaria na mfupa wenye usaha siku moja, na malaria haichagui goti moja ikaliwasha moto. Mbili, eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi inatoka safi, mfupa unaanza kuonyesha baada ya kama siku kumi hivi na kuendelea, kwa hivo picha safi siku ya nne sio ruhusa ya kurudi nyumbani. Watachukua damu, watamwekea dawa kwa dripu, na kama kuna usaha watautoa.

Hapa niingize selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ule wengi tunaita siko seli. Uganda ilipopima watoto nchi nzima miaka ya 2014 na 2015 walikuta karibu 13 kati ya kila 100 wamebeba, sio wagonjwa, wamebeba tu, na wawili waliobeba wakikutana ndio wanaweza kuzaa mgonjwa. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka miwili dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba kwa juu, vidole vinakuwa kama maandazi, analia ukimgusa. Watu wanasema baridi, wanasema amelogwa. Mpeleke siku hio hio apimwe, na kama anajulikana tayari ana selimundu na amepata homa, usijadiliane na mtu, ni ya usiku huo, manake hao ndio mifupa yao inashambuliwa kirahisi. Joto la nguo na maji mengi yanamsaidia, barafu usithubutu.

Hatua ya 3: ameanguka kweli

Msimu wa maembe mimi huwa sikai. Mtoto anaanguka kwenye mti anajikinga na mkono, kiwiko kinavunjika juu kidogo ya kiungo. Usiuvute, usiunyooshe. Uache ulivyo, weka kadibodi ya boksi na kitambaa laini, funga kwa leso bila kukaza, ning'iniza shingoni. Alafu angalia vidole kabla ya kwenda, njiani, na ukifika: rangi yake, joto lake, anasikia ukimgusa, anaweza kuvichezesha.

Fundi wa mifupa wa kijijini simdharau, yuko karibu, anakubali kulipwa kuku, na watu wanamwamini. Shida yangu na yeye ni vile vijiti vya mwanzi anavyofunga kwa kukaza sana. Mkono uliovunjika unavimba ndani ya ile kamba na damu inakatika. Ukiona vidole vimepoa, vimepauka au vimekuwa vya bluu, au maumivu yanazidi badala ya kupungua na ukinyoosha kidole analia kweli kweli, kata kile kifungo hapo hapo, awe ni nani aliyekifunga, uende hospitali. Plasta ya hospitali nayo ni hivo hivo, ikibana unarudi usiku huo wakaipasue, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Saa chache tu za damu kukatika zinatosha mkono ukajikunja ukawa wa kuku milele.

Kuna nyingine ndogo ambayo inaogopesha bure. Mtoto wa miaka miwili mitatu umemvuta mkono ghafla kuvuka barabara au kumpandisha boda, analia, alafu mkono unaning'inia hataki kuutumia, hauna uvimbe. Kiwiko kimechomoka kidogo tu. Mtu aliyefundishwa anakirudisha kwa sekunde chache na baada ya dakika kumi mtoto anachukua biskuti kwa mkono ule ule. Usijaribu kwa kuangalia video.

Hatua ya 4: za wiki hii

Kuchechemea bila homa kukizidi wiki moja, nenda. Watoto wa miaka minne mpaka nane wanaweza kupata ugonjwa ambao damu inapungua kwenye tufe la nyonga, hauna homa, mtoto anacheza vizuri, ila anachechemea na jioni anazidi.

Mgongo: weka shilingi chini umwambie aokote. Mtoto mzima anainama. Yule ambaye anachuchumaa na mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja umeshika paja, na labda kuna kijinundu katikati ya uti, huyo apimwe TB ya mifupa. Dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, zinachukua kama mwaka mzima, na ukiwahi unaokoa mgongo na miguu yake.

Mguu au mkono ukilegea ghafla kama kitambaa kwa mtoto yeyote chini ya miaka 15, hii sio ya wiki, niite leo mimi au VHT wako, ni lazima iripotiwe na choo kipimwe kwa ajili ya polio. Na sindano: ile ya tako kwa mtoto mdogo ikikosea inagonga mshipa wa fahamu na unyayo unaanza kuburuzika, na zikipigwa nyingi nyama ya tako inakauka kama kamba, mtoto hawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja, yanafunguka kama ya chura. Upande wa Teso, Kumi, madaktari wameona watoto wengi sana wa hivi. Sindano ikiwa ni lazima omba ipigwe paja, kwa mbele upande wa nje, na kama dawa ya kunywa inatosha omba ya kunywa. Usione aibu, mtoto ni wako.

Hatua ya 5: za kuachia muda

Hapa nitaenda haraka kwa sababu hapa hakuna ugonjwa mara nyingi. Mtoto anazaliwa na matege, anaanza kutembea nayo, karibu miaka miwili yananyooka, alafu akifika mitatu minne yanageuka magoti yanagongana na wewe unaanza kulia upya. Tulia. Mpaka miaka saba nane hivi inakaa sawa. Simamisha mtoto vifundo vigusane, pima kwa vidole vyako nafasi kati ya magoti, andika nyuma ya kadi ya chanjo, rudia baada ya miezi mitatu. Inapungua? Mwache. Inaongezeka baada ya miaka miwili, au ni mguu mmoja tu, au mtoto ni mfupi kuliko wenzake na vifundo vya mikono vimekuwa vinene na mbavu zina vijivimbe kama shanga? Hio inaweza kuwa matege ya upungufu, mpeleke. Uji wa mahindi peke yake na posho (ugali) peke yake havina kalsiamu ya kutosha, na mukene, wale dagaa wadogo, tunao hapa sokoni, usage na mifupa yake umtilie kwenye mchuzi. Jua la asubuhi mtoto avuliwe shati, sio kumfungia ndani siku nzima kwa sababu anamletea jirani vurugu.

Maumivu ya usiku ya miguu yote miwili, mtoto wa miaka mitatu mpaka kumi na mbili, asubuhi anaamka anakimbia hana uvimbe wala homa, hayo ni ya kukua. Hapo ndio kukanda kunaruhusiwa, mkande mpaka asinzie. Unyayo bapa usio na maumivu na wenyewe ni wa kawaida kwa watoto wadogo, usinunuliwe viatu vya bei na mtu.

Hatua ya 6: miguu kifundo, ya miaka minne

Huyu wangu wa tatu alipotoka nyayo zilikuwa zinatazamana kama wanawake wawili wanasengenya. Nikaambiwa nilimcheka kilema, nikaambiwa ni upande wa baba yake. Hapana. Uganda walipohesabu ilikuwa zaidi kidogo ya mtoto 1 kwa kila 1,000 wanaozaliwa, wavulana kama mara mbili ya wasichana, na nusu ni miguu yote miwili. Hakuna aliyekosea. Ukiusukuma unyayo kwa kidole ukanyooka wenyewe, ulikuwa umekunjwa tu tumboni. Ukigoma, ni kifundo, omba rufaa ya klinik ya miguu kifundo kwenye hospitali kubwa ya mkoa ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Aliyechelewa pia aende, hata anayetembea tayari bado wanamsaidia.

Njia inaitwa Ponseti, jina la daktari aliyeianzisha Iowa kule Marekani. Hawapasui mguu mzima. Kila wiki wanaunyoosha kidogo kwa mikono, wanafunga plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya paja goti likiwa limekunjwa, wiki ijayo wanafungua wanasogeza tena. Plasta tano mpaka saba kwa kawaida. Mwisho kwa watoto wengi wanakata kano ya nyuma ya kisigino kwa ganzi, dakika chache, mimi nilikuwa nje nalia na yeye alishamaliza, alafu plasta ya mwisho wiki tatu. Kabla hujatoka klinik bonyeza kidole gumba cha mtoto, kiwe cheupe alafu kirudi rangi. Nyumbani hesabu vidole kila asubuhi, vikizama ndani ya plasta maana yake imeteleza, rudi siku hio, plasta iliyoteleza inaharibu. Plasta kwenye klinik nyingi za serikali sio ya kulipia, kinachovunja watu ni nauli ya kila wiki, kwa hivo weka ya wiki zote pembeni mapema, ongea na baba watoto, ongea na kikundi, kabla ya plasta ya kwanza na sio ya nne.

Lakini plasta ndio sehemu rahisi. Baada yake mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma, vimegeuzwa nje, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, alafu kila anapolala usiku na mchana mpaka afike miaka minne. Hivi viatu tujivunie kidogo, aina ya Steenbeek ilitengenezwa hapa hapa Kampala, Katalemwa, kwa ngozi na chuma ambacho fundi viatu na fundi wa kuchomelea wa kawaida wanacho, na sasa nchi nyingine wanaiga. Shida ni kwamba mguu sasa unaonekana mzuri kabisa. Mama mkwe wangu akaniambia, "mbona unamfunga mtoto kama mbuzi wa Idi, na mguu umepona?" Nikaacha wiki tatu. Mguu ukaanza kurudi ndani, tukaanza plasta upya, na sijawahi kumwambia mama mkwe chochote, ila viatu tangu siku hio mimi mwenyewe ndio nafunga.

Usiku mbili tatu za kwanza atalia. Ukimvua kila akilia ameshajifunza, umekwisha. Badala yake shika kile chuma ukunje na kunyoosha miguu yote miwili pamoja kama unamchezesha baiskeli, akielewa kwamba inaenda pamoja anatulia. Soksi za pamba bila mkunjo, usipake mafuta kwenye alama nyekundu, yanalainisha ngozi. Ukiona lengelenge, ujue kisigino kinacheza ndani, mara nyingi mkanda umelegea, watu wanalegeza zaidi wakimhurumia na hapo ndio inazidi. Kwa nyuma ya kiatu kuna katundu. Lete tochi, chungulia, kisigino kiwe kimekaa chini kabisa kinaonekana pale, ndio ukaze mkanda wa kati alafu ufunge kamba.